Mchumba Wangu Alinijibia Barua ya Kazi

Admin, ukiiweka hii tafadhali usiache hata herufi ya kwanza ya jina langu, Machakos tunajuana sana. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na saba, kwetu ni Kivaa, na nimechumbiwa na mwenye cyber moja hapa mjini. Nimwite Mutua, ingawa si jina lake. Mbuzi za ntheo zilishafika kwetu, wazee wakachinja wakala, na kwa sisi Wakamba hapo msichana ameshakuwa mke wa mtu. Tunangoja tu harusi ya kanisani.

Hapo cyber ndipo ninapofanya kazi. Mwaka huu wateja walianza kutukimbia. Mama mmoja alifungua cyber ng'ambo ya barabara, akaweka ile browser mpya ya bure, inayoundwa na watu wengi wa kujitolea, na ambayo fundi yeyote anaweza kuifungua ndani aone inavyofanya kazi. Yake ameiseti hivi kwamba ukiifunga inasahau kila kitu. Sisi tulikuwa na ile ya zamani iliyokuja na kompyuta. Ukiandika herufi moja inakutolea imeli za wote waliokalia hicho kiti. Walimu walihama wa kwanza, wakafuatwa na wale wanaoandikiana na wachumba wa majuu. Nani anataka mambo yake yasomwe na mtu aliyekuja kuangalia matokeo ya mpira?

Nikamwambia Mutua na sisi tubadilishe, ni ya bure. Akakubali, ila kompyuta namba nne akasema iachwe ilivyo. "Hiyo ni yako. Wateja hawataigusa." Akakinunulia kiti chake mto kwa sababu nilikuwa nalalamika mgongo. Nilijiona nimependwa kweli. Nilipoingia kwa imeli yangu, kompyuta ikauliza kama ikumbuke neno langu la siri, nikakubali. Wateja nilikuwa nawahubiria kila siku wasikubali, lakini mimi ningemficha nani, na mbuzi zake zimeshaliwa kwetu? Mganga hajigangi.

Wakati huo nilikuwa nimeomba kazi ya ukarani katika kiwanda kimoja Athi River. Nilingoja jibu mpaka nikakata tamaa, na Mutua ndiye alikuwa ananifariji. "Hao huandika watu wao tu," akaniambia. Juzi nikakutana na yule dada aliyenifanyia interview, amesimama Kyumbi ananunua nyanya. Akanishangaa.

"Si wewe ndio ulituandikia hutaki kazi, ati unaolewa? Na tulikuwa tumekupea."

Nilirudi nikafungua barua nilizotuma. Ilikuwepo, imeandikwa kwa upole kuliko ninavyoandika mimi, jina langu chini. Barua yao ya kunipa kazi ilikuwa imefutwa. Mutua hakukana. "Zako nimekuwa nikisoma tangu mwanzo," akasema, huku akipanga karatasi kwa printa. "Sasa ungekuwa unalala Athi River, mimi niko na bibi wa weekend? Nilikuokoa."

Hakupandisha sauti hata kidogo, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Nikakumbuka siku niliyomwandikia dada yangu aliye Doha kwamba naogopa ndoa. Kesho yake Mutua aliniletea leso mpya, akaniambia nisiwe na wasiwasi. Nilimshukuru Mungu kwa kunipa mwanaume anayenielewa bila kuambiwa. Nikifikiria hiyo leso sasa nasikia aibu mwili mzima.

Mama nimemwambia. Akasema, "Mwiitu wakwa, binti yangu, huyo hakupigi, halewi, kanisa anaenda. Mbuzi za watu tulikula. Utawaambia unamwacha juu ya kompyuta?" Baba bado hajui. Nikikataa, itabidi yeye apeleke kwao mbuzi wa maleo, yule wa kuonyesha kwamba msichana amekataa, na wazee watataka sababu. Nitawaambia nini? Nikisema alisoma barua zangu, watauliza kama barua za mke si za mume. Nikisema kazi, kiwanda kimeshaandika mtu mwingine.

Haya nayaandika nikiwa kwenye cyber ya yule mama wa ng'ambo. Nikifunga hapa, hakuna atakayejua nilikuja. Kutoka dirishani namwona Mutua. Amepanguza namba nne, ameukung'uta ule mto, sasa amesimama mlangoni anaangalia barabara kama ninakuja. Na bado nampenda, nisiwadanganye.

Wenzangu, hasa mlioolewa, niambieni ukweli hata kama utaniuma: nimwombe baba atafute huyo mbuzi, ama nivuke barabara nikakae kile kiti?