Nyumba Iliyofungwa Mara Tatu

Wakati wa korona nyumba yangu ilifungwa mara tatu, na mara zote tulifungiwa watu walewale: mimi, karani mmoja wa ofisini aliyepanga chumba cha mbele, na mama mmoja muuza dagaa aliyepanga chumba cha uani. Namshukuru Mungu kwamba wote watatu tulitoka hai. Wako wengi waliofungiwa wakatoka wamebebwa, nami nawaombea kila siku. Lakini leo nataka kueleza jambo dogo kuliko kifo, nalo ni beseni la bluu.

Nyumba iko Ilemela, mlimani, kati ya mawe. Marehemu mume wangu alipoijenga, nyuma kulikuwa na jiwe moja kubwa ambalo mafundi walilichomea moto, wakaligonga, wakalimwagia maji, mwisho wakakusanya nyundo zao wakaenda. Basi ukuta wa ua unafika kwenye jiwe, unakoma, na kuanza tena upande wa pili. Nusu ya jiwe iko kwetu ndani, nusu iko nje, juu ya njia ya miguu inayoshuka ziwani. Kila asubuhi napanda juu yake kidogo, nakaa na rozari yangu, naangalia kivuko kikija mjini kutoka Kamanga. Nilifundisha katekisimu watoto wa parokia mpaka magoti yaliponistaafisha, na tangu hapo jiwe lile ndilo kanisa langu la siku za kazi.

Karani alikuwa Mzaramo wa Pwani, aliyehamishiwa Mwanza na ofisi yake. Muuza dagaa ni Msukuma kama mimi. Na Msukuma na Mzaramo ni watani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wageni wako, anaweza kuchukua kuku wako mlangoni, nawe huruhusiwi kukasirika. Unakikomboa kitu chako kwa kutimiza anachotaka, mnacheka, maisha yanaendelea. Ua wangu haukuwa na asubuhi isiyo na matusi yao.

"Msukuma, dagaa wako wananuka mpaka kwenye ndoto zangu," karani alikuwa akisema dirishani, huku akifunga tai.

"Ndiyo harufu ya kazi hiyo, utaijulia wapi? Ninyi kwenu mnauza shamba mkacheze ngoma."

"Afadhali ngoma. Ninyi mlifika mjini mkifuata mikia ya ng'ombe, na mpaka leo mnageuka nyuma kuwaangalia."

Kisha, kwa sauti nyingine kabisa, kama si yeye aliyekuwa akisema: "Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nenda kazini."

Mara ya kwanza tulifungwa kwa sababu yake. Alirudi kutoka semina nje ya nchi, na kesho yake bwana afya akasimama nje ya geti na barakoa yake, akasema hakuna mtu kutoka ndani ya nyumba hii kwa wiki mbili. Tulitii. Karani alifungua kompyuta yake chumbani akaendelea na kazi, na mshahara wake ukaingia kama kawaida. Watoto wangu waliniletea unga na mboga getini. Muuza dagaa aliweka kigoda mlangoni pake, akakaa anaangalia ziwa.

Nilimwambia kodi ya mwezi huo asiiwaze.

"Asante mayu," alisema. Ndivyo tunavyomwita mama kwetu. "Kodi ni yako, unaweza kunisamehe. Nafasi yangu kule mwaloni nani atanisamehe?"

Mwaloni ni pale mitumbwi inaposhushia samaki. Kabla mitumbwi ya dagaa haijarudi, akina mama hupanga mabeseni yao mstari mmoja kando ya maji, na beseni ndilo mtu mwenyewe. Wavuvi wanashusha kwa kufuata mstari. Walio mbele wanapata dagaa wengi na wazima, walio nyuma wanapata mabaki yaliyokanyagwa. Ukikosekana siku moja au mbili, wenzako watalisogeza beseni lako kwa niaba yako. Ukizidisha, linafudikizwa pembeni, na mahali pako anasimama mwingine. Hakuna anayefanya hivyo kwa chuki. Mitumbwi haisubiri.

Geti lilipofunguliwa alikimbia kwenda chini. Beseni lake la bluu alilikuta limefudikizwa karibu na takataka. Alilichukua akaenda nalo mwisho wa mstari, pamoja na wasichana wanaoanza biashara, yeye mwenye miaka yake yote pale. Ilimchukua miezi mingi kusogea mbele.

Mara ya pili ilikuwa kwa ajili yangu. Nilirudi kutoka mazishini nikiwa na homa, na kifua changu, ambacho si kizima tangu ujana, kikaanza kupiga filimbi. Hakuna aliyekuja kutuamuru. Tulilifunga geti wenyewe, maana sasa tulijua. Na ni nani aliyenihudumia? Karani aliniuliza hali akiwa dirishani, kwa upole, nami sina la kumlaumu. Lakini aliyechemsha mchaichai na malimau na majani ya mwarobaini, akanifunika blanketi nijifukize, akanishika mabega nisianguke juu ya sufuria, ni yule aliyekuwa na la kupoteza kuliko sisi wote. Kila asubuhi nilimwona akitegea sikio kelele za mwaloni zilipopanda na upepo.

Nilipona. Nilitoa shukrani kanisani, nikamtaja na yeye, waumini wakapiga makofi. Siku hiyohiyo beseni lake lilikuwa mwisho wa mstari tena.

Sasa mara ya tatu. Ilikuwa asubuhi, naye ametoka na gunia la dagaa waliopata unyevu, akawaweka hewani chini kabisa ya dirisha la karani. Karani alikuwa pale, anafunga tai. Kimya.

"Mzaramo, umekufa?"

"Niko hai, nakuangalia tu."

"Leo hunisemi?"

"Nikuseme kwa lipi?"

Muuza dagaa aliniangalia, nami nikamwangalia. Alichota dagaa kwa mikono miwili akawainua mpaka dirishani.

"Nusa."

Karani alivuta hewa. Akavuta tena. Nikaona uso wake unabadilika.

Muuza dagaa aliwarudisha dagaa ndani ya gunia na kukaa chini palepale. Wiki ile ndiyo alikuwa amerudi kwenye nafasi yake ya zamani, mbele, karibu na mitumbwi yake anayoizoea. "Huyu ameniua," alisema taratibu. Wala hakuwa anatania.

Karani alikwenda kupimwa, akarudi na maneno ya daktari: yeye ndani, na sisi tulioishi naye ndani. Yeye hakuwa na homa wala kikohozi, ila pua tu, iliyoacha kunusa. Siku ya pili muuza dagaa ndiye aliyelala. Mwili ulimuuma mpaka nywele. Nami daktari wangu alikwisha kunikataza jua na kazi nzito.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa juu ya jiwe na rozari, nikimwomba Mungu anipe akili, maana nguvu alikuwa ameshazichukua. Chini kwenye njia akapita mwenzake wa mwaloni, yule wanaokaa beseni kwa beseni. Alisimama mbali, akanisalimu, akamuulizia mgonjwa.

"Beseni lake bado liko?" nikamuuliza.

"Kwa leo liko, mayu. Nalisogeza. Lakini nikichukua dagaa wa kwake na wa kwangu, niwaanike wapi? Mvua imelowesha mchanga wote, na penye ukavu wanagombania. Halafu lazima nikae nilinde, kuna korongo na mbuzi. Siwezi kulinda huku na kusimama kwenye mstari."

Niliweka kiganja kwenye jiwe. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na jiwe lilikuwa kavu, limeanza kupata moto.

"Huu upande wa nje utawafaa," nikasema. "Waanike hapo, uwaache, urudi jioni kuwachukua. Sisi hatutawagusa."

"Na nani atalinda? Si mmefungiwa?"

"Ndiyo maana walinzi wapo."

Nilishuka nikavaa barakoa yangu. Karani alikuwa na desturi moja. Hata akiwa ndani ya karantini alipiga viatu vyake rangi na kuviweka mlangoni, vikimsubiri. Nilivichukua vyote viwili kwa kamba zake, nikavipeleka chumbani kwangu, nikavitundika kwenye msumari wa kalenda ya parokia.

Haukupita muda akatokea mlangoni pake na soksi. "Bibi, viatu vyangu."

"Vimetekwa."

Alinitazama kana kwamba jiwe ndilo limesema. "Bibi, hata wewe? Mwalimu wa dini?"

"Nilikuwa Msukuma kabla sijabatizwa."

Muuza dagaa akacheka kitandani mwake, kicheko kilichoishia kwenye kikohozi. Ndicho kicheko cha kwanza tangu alale.

Nikamwambia karani ukombozi wa viatu: kukaa kwenye jiwe, upande wetu wa ndani, na ule mti mrefu wa kuangulia mapapai, kuanzia dagaa wanapoanikwa mpaka mwenyewe anapokuja kuwachukua.

"Nina kazi, bibi. Saa nne nina mkutano."

"Kompyuta iweke kwenye kivuli cha ukuta. Wewe kaa unapoona dagaa."

Angeweza kukataa kwa mpangaji mwenzake, na kwa mwenye nyumba angeweza kuhama. Kwa mtani hakuwa na pa kupitia. Alipanda na soksi zake, tai shingoni, kofia ya mume wangu kichwani. Saa nne nikamsikia anasema na mabosi wake kwa adabu, mara akanyanyuka akapiga kelele na kuzungusha mti hewani, kisha akarudi kwenye kompyuta: "Samahani mwenyekiti, ni korongo."

"Mzaramo, wapigie ngoma," ilitoka sauti chumbani kwa mgonjwa. "Ndiyo kazi unayoiweza."

"Wewe pona kwanza. Nimegundua dagaa wako hata korongo anawachagua."

Ikaendelea hivyo siku kwa siku. Mwenzake alisimama na mabeseni mawili, la kwake na la bluu, akaja kumwaga dagaa juu ya jiwe na kuondoka. Jioni aliwakusanya. Sisi hatukuwagusa hata kwa kidole. Jua la kwenye mawe si la mchezo. Linakupiga kutoka juu na kutoka chini. Siku moja mchana karani alishuka kunywa maji, shingo imebabuka juu ya kola.

"Bibi, sisemi kwa ubaya. Lakini tumefungiwa watatu, na jua hili linanipiga peke yangu."

"Ni kweli," nikamjibu. "Mara mbili zilizopita lilimpiga mwenzako peke yake. Lilikuwa jua hilihili. Ila wewe na mimi tulikuwa tumekaa kivulini."

Alimaliza maji yake, akaangalia mlango wa mgonjwa kwa kitambo, akarudi juu. Watoto niliowafundisha walikuwa hivyohivyo: yule anayenyamaza ndiye aliyeelewa.

Kesho yake nilimkuta anafunga kamba kwenye turubai lake mwenyewe, lile alilokuwa akifunikia pikipiki yake. Alimpa yule mama wa mwaloni maelekezo kutoka ndani, naye akalilaza kwenye ukingo wa jiwe na mawe madogo juu yake, ncha ya kamba ikaingia kwetu. Sikumwomba kufanya hivyo, wala viatu havikudai. Alasiri wingu likaja kutoka ziwani, jeusi, la ghafla kama kawaida yake. Karani alikuwa kwenye mkutano. Aliuacha unaendelea wenyewe, akavuta kamba kwa mikono miwili, turubai likapanda likawafunika dagaa wote, na mvua ikamwacha yeye ameloa na wao wakavu.

"Mayu, wamelowa?" mgonjwa aliuliza. Alikuwa amejikokota mpaka mlangoni, ameshikilia fremu.

"Aliyelowa ni Mzaramo tu."

"Ashukuriwe Mungu," akasema, akarudi kulala.

Alipona polepole, na siku zetu za kukaa ndani zikaisha. Asubuhi ile geti lilipofunguliwa alishuka mwaloni hatua kwa hatua, maana nguvu zilikuwa hazijarudi zote. Mimi nilibaki juu ya jiwe. Rozari ilikuwa mkononi, lakini nakiri macho yalikuwa njiani. Nilikuwa nimefanya nilichoweza, na karani amefanya chake, ila mstari ule una wenyewe.

Nililiona beseni kabla ya kumwona yeye. Lilikuja likipanda njia, la bluu, limejaa mpaka ukingoni, dagaa wanang'aa kama wa ndani kabisa ya mtumbwi. Dagaa wa namna ile hawafiki mwisho wa mstari. Alipoingia getini alinionyesha vidole viwili: beseni la pili kutoka mbele, palepale alipoliacha.

Alilitua chini ya dirisha la mbele ili apumzike. Karani alikuwa dirishani na tai yake, miguu mitupu, maana viatu vilikuwa bado kwenye msumari. Aliacha kufunga tai. Aliinamisha kichwa kidogo, akavuta hewa, akavuta tena, polepole, mtu anayeogopa kujidanganya.

"Msukuma," akasema, "dagaa wako wananuka."

Muuza dagaa alijifuta uso kwa upindo wa kanga, akanigeukia.

"Mayu, mrudishie viatu vyake. Amepona."

Nikaenda kuvitoa msumarini. Vilikuwa vimeshika vumbi, nikavifuta kwanza.