Gari la Jumapili

Gari likikaa juani, viti vikatoa ile harufu ya plastiki iliyoungua, hasira za siku ile zinanipanda upya.

Baba alitupanga kama wafungwa wanaohamishwa: "Mkojoe nyumbani, mle nyumbani, nisisikie mtu anaomba soda." Kisha akatupeleka viwanja vya maonyesho, Temeke, tukapande bembea kubwa ya umeme. Siku hizo serikali ilikuwa inabana mafuta; Jumapili ikifika saa nane mchana, gari binafsi likionekana barabarani linakamatwa. Tulisota juani kwenye foleni, na ilipobaki kidogo zamu yetu ifike, baba akatazama saa yake.

"Basi, twende."

"Nenda na gari lako," mama akamwambia mbele za watu. "Mie na wanangu tunapanda."

Baba akaenda kwenye gari, akaondoka nalo.

Bembea ilipotufikisha juu kabisa, saa nane imeshapita, tuliliona gari letu kule barabarani, askari wamelizunguka.

"Kakoma!" mama akapiga kelele, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Nami nikacheka.

Lakini gari halikuwa limeelekea nyumbani. Pua yake ilikuwa inatazama kwetu.