Ndugu Wanasubiri Nje

Kwa miaka kumi na tisa, wodi ya wasiopona ilimjua kama Bi Taratibu, na kati ya mamia aliokaa nao hadi pumzi ya mwisho, hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika. Hakuwa daktari wala muuguzi. Kazi yake ilikuwa kukaa: kushika mkono, kuomba na anayetaka kuomba, kunyamaza na asiyetaka, na kusikiliza yale ambayo mtu hawezi kuwaambia watu wake.

Kwa hiyo mdogo wake wa pekee alipoletwa, ini limekwisha na madaktari wamenawa mikono, hakuna aliyeuliza nani angekaa naye. Bi Taratibu alipiga pasi gauni la kazi, akaingia asubuhi na mapema.

"Dada, usikae," mgonjwa akasema. "Niitie yule msusi."

Msusi alikuwa mwanafunzi wa Bi Taratibu, miezi minne kazini. Aliacha saluni akidai kazi ni ileile, ila huku hakuna kichana.

"Msusi! Na mimi je?"

"Wewe utanisahihisha. Tangu utoto sijawahi kumaliza hadithi mbele yako. Nikisema ilikuwa Jumanne, utasema Jumatano. Niache nife na Jumanne yangu."

"Lakini kweli ilikuwa..." Akajiuma ulimi, amechelewa. Mgonjwa alicheka hadi akakohoa.

Msusi akaja, akavuta pazia, akageuka kwa adabu zote. "Samahani, mama. Ndugu wanasubiri nje."

Kanuni hiyo aliiandika Bi Taratibu mwenyewe, akaibandika mlangoni. Kwa kanuni hiyo aliwahi kumtoa nje mwanajeshi mzima akilia. Akatoka.

Kwenye benchi la korido aliisikia sauti ya mdogo wake, ya chini, saa nzima. Mara mbili ikakatika kwa kilio. Maneno hayakusikika. Alisogea upande wa mlango, akasogea tena, mpaka benchi likaisha.

Msusi alitoka macho mekundu. "Amelala, mama."

"Kasemaje?"

"Kaniomba nisiseme."

"Mimi dada yake! Mimi niliyekufundisha!"

"Ndiyo maana siwezi, mama."

Mdogo mtu alifariki jioni ile bila kufumbua macho. Waliokuja kutoa pole walimwambia Bi Taratibu ana bahati, angalau alikuwepo. Aliwashukuru.

Wiki iliyofuata alirudi kazini. Msusi alipomwamkia, alimwitikia vizuri tu, kisha akampangia wagonjwa watatu, wote wasioweza kuongea.