Prosesa ya Kasi na Fedha za Kisima

Saa nane na dakika kumi na saba mchana, siku ya Jumanne, kompyuta yangu ilijizima. Sikuwepo. Muda huo niliusoma baadaye kwenye kumbukumbu ya mashine yenyewe, pamoja na sababu: joto limepita kiwango.

Nilikuwa naunganisha picha za mashamba ya mpunga ya Magu. Mpima ardhi mmoja hurusha droni na kupiga picha elfu mbili hivi. Mimi huzigeuza kuwa ramani moja. Sikuisomea kazi hii. Nilijifunza mwenyewe kwa miaka sita, kwa kusoma na kukosea. Safari hii wakulima walitaka kuchimba mfereji kabla ya mvua, na mpima ardhi alinipa siku kumi na nne. Zikipita, alisema, picha zingepelekwa Dar es Salaam na mimi asingenitafuta tena.

Jumatano kompyuta ilijizima tena, na Alhamisi pia, kila mara mchana. Asubuhi nilikaa mbele yake nikiandika joto kwenye daftari kila nusu saa, na sikuona tatizo. Saa saba mchana mimi huenda kumpokea zamu mke wangu kwenye duka letu dogo la madaftari, hapo Mkolani barabarani, naye hurudi nyumbani kupumzika hadi saa tisa. Daftari langu kwa hiyo lilikuwa na pengo la saa mbili kila siku. Nililiona pengo hilo na sikulijali.

Nilifikiri hivi. Prosesa yangu, yaani ubongo wa kompyuta, ilihitaji saa kumi kumaliza ramani, kwa hiyo bati la paa lilipopata jua kali, yenyewe ilikuwa bado katikati ya kazi. Kuiwasha jioni hakukufaa, kwa sababu majirani wakianza kupika, umeme wa mtaa wetu hushuka. Prosesa kubwa ingemaliza kwa saa sita na nusu. Nikiipandisha kasi kupita ile iliyowekwa kiwandani, ingemaliza kwa saa sita kasoro, na nikianza saa moja asubuhi ingekuwa imepoa kabla sijaenda dukani.

Fedha zilikuwepo, ila zilikuwa na kazi yake. Tulikuwa tumeweka milioni mbili na nusu za kuchimba kisima uani, kwa kuwa mke wangu alikuwa akichota maji kwa jirani tangu tuhamie. Nilimweleza mahesabu yangu yote. Alisikiliza huku anapepeta mchele.

"Kazi ya Magu itazirudisha?"

"Itazirudisha."

"Kabla ya mvua?"

"Kabla."

"Haya, baba. Ndoo nimeshazizoea."

Mjini kuna mzee wa Kihindi anayeuza vifaa vya kompyuta. Ukoo wake umefanya biashara Mwanza tangu enzi za babu yake, aliyekuwa na kinu cha pamba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo umekuja kununua, au kusoma maboksi yangu tena?"

Alikuwa na prosesa mbili zilizofaa. Moja kasi yake ilikuwa imefungwa. Nyingine iliachwa wazi, mnunuzi aipandishe atakavyo, na iliizidi mwenzake kwa laki tatu na nusu.

"Chukua iliyofungwa," alisema. "Kwenye kinu cha babu, fundi akiisukuma mashine kupita kiasi, mkanda unakatika. Ukishakatika, anasema mashine mbovu."

"Nimepiga hesabu, mzee."

"Najua. Wewe hata salamu unaipigia hesabu."

Nilichukua iliyo wazi kwa milioni moja na laki saba na nusu, na kipoozeo chake kikubwa kwa laki tatu na elfu ishirini.

Kazi ya kuifunga ilinichukua asubuhi moja. Siku mbili zilizofuata niliipandisha kasi hatua kwa hatua, nikiipa picha chache kila jaribio, na joto halikuvuka nyuzi sabini na nane. Siku ya tatu niliipa ramani nzima. Hesabu yangu ilikuwa na kosa: kazi ilichukua muda mrefu kuliko saa sita, na niliiacha ikiendelea nilipokwenda dukani. Ilijizima saa saba na dakika hamsini na moja.

Nilipunguza kasi, ikajizima. Nikapunguza tena. Mwishoni niliirudisha kwenye kasi ya kiwandani, na bado ilijizima. Zilikuwa zimebaki siku tatu. Nilirudi kwa mzee na daftari.

"Umenunua farasi, sasa unamfunga mawe miguuni," alisema, huku anafunua kurasa. "Hapa katikati mbona hakuna kitu?"

"Saa hizo nakuwa dukani."

"Kwa hiyo hujawahi kuiona ikizima?"

"Hapana."

"Basi nenda kaione."

Kesho yake, saa nane kasoro dakika kumi, nilifunga duka nikarudi nyumbani. Mke wangu alikuwa amelala kwenye kochi. Kompyuta ilikuwa inafanya kazi, na juu yake, kuanzia kichwani hadi chini kote, ilikuwa imevishwa kitambaa kizito chenye maua ya uzi pembezoni. Alikishona mwenyewe, nami nilidhani ni cha kuifunikia ikiwa imezimwa tu. Feni zilikuwa zinanguruma humo ndani. Nilikivua, na hewa iliyotoka ilikuwa ya moto kama ya tanuri.

Aliamka.

"Mbona unaifunua? Wadudu wa ziwani leo wametoka kama moshi, huwaoni dirishani?"

"Unaifunika tangu lini?"

"Tangu ile prosesa ya kwanza, wadudu walipoanza kutoka. Kitu cha mamilioni nikiache uchi, wadudu wakifie ndani?"

"Na mbona mimi nikirudi sikikuti?"

"Nakitoa nikienda dukani. Ukikuta meza yako imeguswa unanuna."

"Na ikizima?"

"Ikinyamaza najua imemaliza kazi." Alinitazama, kisha akatazama kitambaa mkononi mwangu. "Kwa hiyo kisima nimekifukia mimi?"

"Hapana. Nilipima kila kitu humu ndani isipokuwa saa mbili, na sikukuuliza."

Alikikunja kitambaa mara nne, akakiweka kabatini.

Jioni hiyo niliirudisha prosesa ya zamani. Kesho yake nilifunga wavu wa mbu dirishani, nikaiwasha saa moja asubuhi. Ilimaliza saa kumi na moja jioni, bila kitambaa, siku moja kabla ya muda kwisha. Mpima ardhi alilipa, na wiki iliyofuata akaleta picha nyingine.

Mzee aliipokea prosesa mpya na kipoozeo bila kunikumbusha mkanda wa babu yake. Alinirudishia milioni moja na laki nne na nusu kwa prosesa, na laki mbili na elfu kumi kwa kipoozeo. Pengo nililiziba kwa malipo ya Magu, na wachimbaji wa kisima walipata maji siku tano kabla ya mvua ya kwanza. Nilipoteza shilingi laki nne na elfu kumi.