Debe la Mama na Nyama ya Wazee

Mtu akigonga debe popote hapa Mugumu, mimi narudi kijijini kwetu Robanda. Naacha kazi, naacha msanii anisubiri ndani ya studio yangu niliyoibandika trei za mayai ukutani, namsikia mama akifukuza tembo kwenye mahindi. Debe lake lilikuwa na tundu ubavuni, kwa hiyo lilipopigwa lilikoroma. Nyumbani sote tulilijua, hata mbwa.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na kichwani mwangu hamkuwa na kitu ila biti za hip-hop. Mjomba aliniletea kompyuta kuukuu kutoka Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Niliipenda kompyuta ile kupita kiasi, jamani. Baba yeye alikuwa amenipatia kazi ya kutandika vitanda kambini kwa watalii, na kompyuta alitaka irudi kwa mwenyewe. Nililia siku nzima. Mwishowe akasema, "Bhoke, siku nitakayoona wazee wameacha nyama kwa ajili ya huo muziki wako, sitakugusa tena, wewe wala kompyuta yako." Nanyi mnawajua wazee wetu na nyama.

Harusi ya dada ilipofika, nilikuwa tayari. Nilikuwa nimemrekodi mama kwa simu akiwa shambani, nikachukua debe lake na ukelele wake, nikaviwekea besi nzito. Alasiri wazee walikuwa wameketi, mama anampakulia baba nyama, nami nikamwomba kijana wa spika aipige biti yangu. Nilitaka wacheze, basi.

Debe likakoroma. Bibi akaruka kutoka kitini.

"Tembo! Wameingia kwenye mahindi!"

Baba akatupa mnofu wake kwenye sinia. "Twendeni!" Wakatimka wote: wazee na fimbo zao, akina mama na vifuniko vya sufuria, bwana harusi na suti yake. Baba alikuwa mbele. Mama alibaki na upawa mkononi, akisikiliza sauti yake mwenyewe ikipiga kelele kwenye spika.

Shambani hapakuwa na hata nyani. Walirudi wakihema, wakakuta mbwa wamelamba sinia zote. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba." Akazitazama sinia tupu. "Haya. Nyama wameiacha."

Kambini sikwenda. Kwa miaka mingi nikajigamba kwa rafiki zangu kwamba nilimnasa baba kwa maneno yake mwenyewe, naye, mtu wa kutimiza ahadi, akakosa pa kutokea.

Juzi niliipiga tena biti ile nikiwa peke yangu. Debe likakoroma, nami nikaiona harusi upya, mama ameinama mbele ya baba na upawa wake. Nikaisimamisha biti. Hakuna mwingine aliyekuwa na debe lile, na mwenye debe alikuwa anampakulia. Baba alijua hakuna tembo. Alijua, na bado alikimbia mbele ya wote.