Kanda Niliyoifuta kwa Salamu

Juzi Ijumaa nilikwenda Hail, pembeni mwa Maskati, kwa binti yangu kula chakula cha mchana. Nikamkuta jikoni anakoroga mchuzi wa papa, na kompyuta yake juu ya meza inaimba Kijapani. Mwanamke mwenye sauti nyembamba, piano nyuma yake, kisha watoto wengi wakampokea kwa pamoja. Nilisimama mlangoni na viatu mkononi, nikashindwa kuingia.

"Baba, unaukumbuka huu?" akaniuliza. Alikuwa analia na kucheka.

Kazini kwake yupo mwanamke wa Kijapani, rika lake. Siku moja alimsikia binti yangu anauimba chinichini mbele ya mashine ya fotokopi, akaduwaa. Akamwambia kwamba ule ni wimbo wa wanafunzi kuagana wanapomaliza shule, na kwamba kwao kila mtu wa umri wao akiusikia hulia, hata awe mkurugenzi. Ndiye aliyemtafutia kwenye kompyuta.

"Na sisi siku zote tukidhani wa mapenzi," binti yangu akasema.

Aliposema "sisi", nilijua anamtaja nani.

Ngoja nikusimulie tangu mwanzo, kwani wewe hukuwapo. Miaka ya tisini nilikuwa na duka la vipuri vilivyotumika, hatua chache kutoka mtaa wa Hamriya. Magari ya Kijapani yalitujia kwenye makontena, yamekatwa nusu. Kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kuchomoa redio kwenye dashibodi, na ndani ya redio nyingi mlikuwa na kanda zilizosahauliwa na wenyewe. Nilikuwa nikizitupa. Moja niliipeleka nyumbani kwa sababu tu ilikuwa safi.

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na tano. Rafiki yake alikuwa mtoto wa jirani, mlango wao na wetu ukitazamana. Walikwenda shule pamoja tangu darasa la kwanza. Ile kanda waliipiga mpaka nyumba nzima tukaijua. Maneno ya wimbo huu waliyaandika kwa herufi za Kiarabu nyuma ya daftari la jiografia, vile yalivyosikika, bila kujua maana ya hata moja. Adhuhuri wakirudi shule, jasho linawatoka chini ya mitandio myeupe, walianza kuimba kabla ya kufunga mlango, na mke wangu akiwapigia kelele, "Nyie Wajapani! Vueni viatu mle wali!"

Mfanyakazi wetu wa nyumbani, mwanamke wa bara, alikuwa akichagua mchele huku anawaitikia kwa sauti nzito ya kwaya ya kanisani kwao. Tukicheka sote. Hata mimi nilikuwa naupiga mluzi dukani, mikono imejaa grisi.

Yule mtoto wa jirani alikuwa na ugonjwa wa damu, ule wa kurithi, ambao umo katika nyumba zetu nyingi. Baridi ikiingia, viungo vilimuuma mpaka alazwe. Mara moja, aliporudi kutoka hospitali, wasichana walijirekodi wenyewe mwisho wa kanda, pale palipobaki patupu. Yeye aliimba, binti yangu akaitikia, kisha wote wakaangua kicheko. Halafu wakavivunja vile vijipande viwili vya plastiki juu ya kanda, ili redio isikubali tena kurekodi.

Basi, kama ulikaa Maskati siku zile, unajua tulivyokuwa tukisalimiana na Unguja. Mama yangu hakujua kusoma. Nilizungumza kwenye kanda, msafiri akaichukua, mama akaisikiliza pamoja na majirani zake. Akishatosheka, alizungumza juu ya kanda ile ile, nayo ikarudi kwangu na msafiri mwingine. Kanda moja ilikwenda na kurudi mpaka ikachakaa.

Ijumaa moja nilipata habari kwamba jamaa anasafiri baada ya sala. Maduka yamefungwa, kanda tupu sina, na mama sikuwa nimemsalimu miezi minne. Wasichana walikuwa hospitali, mmoja amelazwa na mwingine amekwenda kumwangalia. Nikaichukua kanda yao. Niliviona vile vitundu, nikajua kuna mtu ameilinda. Nikaviziba kwa selotepu, nikaketi. "Mama, shikamoo. Mimi mwanao nna uzima, alhamdulillahi..." Nikazungumza juu ya joto, biashara, bei ya samaki. Maneno yaliniishia kabla ya kanda kwisha. Nikaifunga ndani ya bahasha, nikaipeleka.

Siku tisa baadaye mtoto wa jirani alifariki.

Binti yangu alikaa matangani siku tatu. Ya nne akarudi nyumbani akaenda moja kwa moja kwenye redio. Alitaka kuisikia ile sauti. Akatafuta, akakunjua magodoro, akamwaga makabati. Mke wangu akamgeukia mfanyakazi.

"Si wewe ulofagia chumba chao?"

"Mama, kweli tena, sijaigusa. Niifanyie nini mimi?"

"Umeitupa na takataka!" binti yangu akamfokea. "Hujui hata kitu gani umetupa!"

Yule mwanamke akanitazama. "Baba, sema hata wewe. Mimi natupa vitu vya watu?"

Nilikuwa na kikombe cha kahawa mkononi. Ningesema neno moja tu. Niliona uso wa mwanangu ulivyovimba kwa kulia, nikaogopa usinigeukie mimi. Nikasema, "Tafuteni vizuri."

Hayo ndiyo yote niliyosema. Binti yangu akakataa kula chakula alichopika mwanamke yule. Nyumba ikawa haina amani, na mke wangu akaamua arudishwe kwao kabla ya wakati wake. Nilimpeleka uwanja wa ndege mwenyewe. Njia nzima hakunilaumu. Alisema tu, "Mwambieni mtoto nampa pole."

Bado nilikuwa na nafasi. Nilijua kwamba mwisho wa kanda pamebaki kipande ambacho sauti yangu haikukifuta. Dukani jirani na mama palikuwa na simu, na namba nilikuwa nayo. Ningempigia nimwambie, "Usirekodi juu yake, irudishe ilivyo." Lakini kanda ikirudi ingenibidi nieleze ilikuwa wapi, na mwanamke wa watu nimeshampandisha ndege. Kila siku nilisema kesho.

Ikarudi baada ya mwezi na nusu. Niliisikiliza dukani peke yangu, kwenye redio mojawapo juu ya kaunta. Mama alinisalimu, akalalamika miguu, akanieleza mvua na nani kaoa. Kanda ilipokaribia kwisha akasema, "Na huyo mtoto aliyeimba mwishoni, sauti kama chiriku. Nimemsikiliza mara tatu kabla sijazungumza pale alipoimba. Mwambie, bibi yako anakusifu, Mungu akuweke."

Nikaitoa, nikauvuta utepe wake wote, nikautia kwenye pipa tulimochoma matambara ya mafuta. Nyumbani nikasema mama hajaleta kitu safari hii. Yeye naye hakuwahi kuleta nyingine. Alifariki kabla sijamtumia jibu, na sauti yake ya mwisho niliyokuwa nayo nimeichoma kwa mkono wangu.

Juzi, wimbo ulipokwisha, nilimweleza binti yangu. Nilimweleza yote, mchuzi ukipoa mbele yetu. Nilijitayarisha kwa kilio, kwa matusi, hata kwa kufukuzwa. Hakulia. Aliniuliza kitu ambacho sikukitarajia.

"Na dada?"

"Dada gani?"

"Niliyemwambia hajui alichotupa. Alikuwa anaitwa nani, baba?"

"Tulimwita dada tu."

"Kwao wapi?"

"Bara."

"Bara wapi, baba?"

Duka langu leo linauza simu, mwenyewe mwingine. Jirani wamehama, na jumba lile limebomolewa. Hayo yote yangekwenda, hata ningekuwa mtu mwema. Lakini swali la mwanangu lilikuwa na jibu, nami nililikalia. Pasi ya kusafiria ya mwanamke yule, yenye jina lake na mahali alikozaliwa, ilikaa kabatini mwangu miaka miwili, kama tulivyozoea sote kuwawekea wafanyakazi. Niliifungua mara moja tu, uwanja wa ndege, siku ya kumkabidhi. Nikatafuta ukurasa wa viza, nikahakikisha muda haujapita nisije nikatozwa faini, nikaifunga.