Mkono wa Kulia wa Baba Saru

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya sabini, niliripoti kwenye zahanati ya shamba la mkonge nje ya Voi nikiwa na cheti cha mazoezi ya viungo na sare iliyonipwaya. Daktari Mkuu alinitazama juu hadi chini. "Sista, hapa tunanyoosha viungo tu. Mambo ya moyoni waachie wenyewe."

Wagonjwa wangu wengi waliletwa na korona, ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge zibaki nyuzi. Ikishika kidole, huchukua mkono. Ilimkata Baba Saru, mtu wa kijiji cha Chawia, mkono wa kulia chini ya kiwiko. Kidonda kikapona, yeye asipone. Alivaa koti zito katika joto la Voi, akawa anakula peke yake, na matangani hakanyagi.

"Nitawasalimia wakwe kwa kushoto, Sista? Si watasema nimewatusi?"

Nikamwanzisha mazoezi ya polepole. Alilala mkekani, akafumba macho, akainua mikono yote miwili taratibu huku akishusha pumzi, akisikiliza bega, kiwiko, mpaka pale mkono unapoishia. Kisha alikipaka kigutu mafuta ya nazi mwenyewe. Mwanzoni alikipaka huku akitazama ukuta. Ilichukua miezi shingo ile kugeuka. Asubuhi moja akaja bila koti, akasema, "Kumbe bado ni wangu."

Daktari Mkuu alitukuta mkekani, akafoka, "Kampuni inawalipa mlale?" Yeye alikuwa ameagiza mkono wa mbao kutoka Mombasa, umepakwa vanishi ukang'aa. Wageni wa makao makuu walipokuja, akamwamuru Baba Saru auvae. "Angalau uonekane mtu." Mtu mwenye mke, watoto na shamba la mahindi, aambiwe aonekane mtu!

Baba Saru aliufungua ule mkono, akauweka benchini, akamwendea mgeni mkuu na kumnyooshea kigutu. Mgeni alisita, halafu akakishika kwa mikono miwili.

"Hujambo, mzee?"

"Sijambo. Karibu kwetu."

"Umemfundisha ufedhuli!" Daktari Mkuu alinifokea jioni ile. Mwezi haukuisha nikahamishiwa Wundanyi, huku milimani, kufunga bandeji, na mazoezi yakapigwa marufuku.

Miaka baadaye mama mkwe wa Baba Saru alifariki. Nilimkuta matangani Chawia, amesimama na wakwe zake, anapokea pole kwa kigutu bila wasiwasi.

Sasa nimestaafu na hasira haijaniisha, wala siombi radhi. Waliokatwa baada yake walipewa mkono wa mbao wakaambiwa waende nyumbani, wamepona. Hakuna aliyewauliza kama wanaweza kujitazama. Nimehudhuria matanga mengi, huku milimani na kule Voi. Hao siwaoni.